Kibaba cha Siku: Kuifuata Posho kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Neno lilinikamata Bagamoyo, kwenye ukumbi wa hoteli, siku ya pili ya semina. Mwezeshaji alikuwa bado anaonyesha slaidi zake, lakini nyuma yangu watu wawili walikuwa na ajenda nyingine.

"Posho imeshatoka?"

"Bado. Wanasema baada ya chai."

Baada ya chai karatasi ikazunguka: jina, cheo, wilaya, kiasi, sahihi. Tulikuwa thelathini na kitu, na kiasi hakikuwa kimoja. Wakurugenzi walikuwa na chao, maofisa chao, na madereva waliojikalia nje chini ya mwembe walikuwa na chao, kidogo kuliko vyote. Niliitia bahasha mfukoni bila kuhesabu, kama adabu ya semina inavyotaka, nikaenda chooni kuhesabu.

Jioni nilitembea hadi kwenye nyumba ya misafara, lile jengo lenye ua mpana ambalo watalii huonyeshwa pale Bagamoyo. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango wa bara. Hapa wapagazi kutoka Unyamwezi walitua pembe za ndovu, na hapa walifungiwa mizigo ya nguo, shanga na nyaya za kurudi nazo. Nilipokuwa nimesimama uani nilikumbuka kwamba lile neno la kwenye karatasi yetu lilitamkwa hapa kabla yetu sote, kila siku, na watu waliolitamka walikuwa na mzigo begani. Nikaamua kulifuata. Njia inajulikana: mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikataja vituo sita vyake: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni kilomita zipatazo 1,200. Wenzetu walizimaliza kwa miguu. Mimi nilikata tiketi ya basi.

Tuanze na neno lenyewe. Posho imetoka katika kitenzi kuposha, yaani kumpa mtu chakula cha kumtosha kwa siku zilizohesabiwa. Ndugu zake wako wengi. Kuna ujira, ambao ni malipo ya kazi iliyokwisha. Kuna masurufu, fedha za kutumia njiani ambazo mtumishi wa serikali leo hutakiwa kuzitolea hesabu arudipo. Kuna mgao, ambao Watanzania tumeujua sana kwa umeme, na mgao siku zote unanuka uhaba. Na kuna mshahara, neno lililozaliwa na shahr la Kiarabu, mwezi. Mshahara huhesabiwa kwa mwezi, posho huhesabiwa kwa jua. Tena posho ina sharti ambalo hao wengine hawana: anayeipokea awe ametoka kwake kwa shughuli ya mtu mwingine. Aliye nyumbani kwake anakula. Aliye kwenye safari ya mwenziwe anaposhwa.

Kipimo chake kilikuwa kibaba. Vibaba vinne hufanya pishi, na kibaba kimoja cha nafaka ni kama robo tatu za kilo, pungufu kidogo. Wengi leo tunakijua kibaba kwa methali tu, haba na haba, au mwisho wa Ramadhani watu wanapotoa pishi ya fitri. Kwa mpagazi kilikuwa ndicho chakula cha siku nzima: kibaba kimoja kwa mtu mmoja, mtama au mahindi au mchele, kadiri ya nchi mlimolala.

Lakini kibaba nacho kilikuwa na maneno. Wazee wa pwani walitofautisha kipimo cha mfuto na kipimo cha tele. Cha mfuto hupitishiwa mkono au kijiti juu, nafaka ikalingana na mdomo wa chombo. Cha tele huachwa na kilima chake. Kati ya mfuto na tele kuna kiganja kimoja cha nafaka, na kwa mtu aliyetembea tangu alfajiri kiganja hicho ni tofauti ya kulala na kukesha. Asiyeelewa ugomvi huo aende sokoni leo akasikilize watu wakibishana juu ya kisado cha viazi, au juu ya lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba ili mnunuzi apate tele na mkulima alipwe mfuto.

Nikiwa ndani ya basi, tumekwisha kuupita mto Ruvu, nilipiga hesabu nyuma ya tiketi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Tuseme safari ya kwenda inachukua siku 100. Vibaba 100 ni pishi 25, na pishi 25 ni karibu kilo 68. Maana yake mtu huyu, kabla hajafika, atakuwa amekula uzito maradufu ya ule anaoubeba. Hakuna msafara ulioweza kuchukua chakula chake chote. Ungehitaji wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi, na wa kuwabebea hao tena chakula chao.

Hapo ndipo nguo ilipoingia. Posho nyingi ya njiani haikutolewa kwa nafaka bali kwa kile kilichoweza kununua nafaka: upande wa merikani, ile nguo nyeupe iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, au kaniki ya India, au kete za shanga. Upande ni mikono minne, doti ni mikono minane. Kundi la wapagazi walioshirikiana chungu kimoja na moto mmoja lilipewa kitambaa chao kwa siku kadhaa, nao wakaenda kijijini kununua wenyewe. Mwenye msafara alitakiwa kujua kila nchi inapenda nini. Sami-sami, shanga nyekundu, zilikuwa dhahabu mahali pamoja na takataka siku tatu mbele. Aliyekosea kuchagua shanga Bagamoyo aliwalaza watu njaa Ugogo.

Kwa hiyo posho ililisha pande mbili. Vijiji vya kandokando ya njia vililima zaidi ya vilivyohitaji kwa sababu misafara itapita na nguo. Mwanamke wa Mpwapwa aliyeuza mtama kwa mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa anavaa merikani kwa jasho la shamba lake. Sisi tumezoea kuisimulia njia hii kwa pembe na kwa watumwa, na hatuna ruhusa ya kuvisahau. Watu waliofungwa minyororo walipita hapahapa, na wao pia walilishwa vipimo, ili wafike sokoni wakiwa hai. Lakini wapagazi wengi wa njia hii, Wanyamwezi kwa maelfu na waungwana wa pwani waliojiandikisha kwa reale tano kwa mwezi, walikuwa watu wa mkataba. Mkataba ulikuwa na nguzo mbili, ujira na posho, na walijua kuzitofautisha kuliko tunavyojua sisi.

Ujira uliweza kusubiri. Posho haikungoja. Msafara ulipochelewesha posho, mizigo ilibaki chini. Kirangozi, yule aongozaye mstari na bendera, hakuinua, na wa nyuma yake hawakuinua. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya "uvivu" na "utoro" wa wapagazi, na ukisoma kwa makini utaona mara nyingi kurasa mbili nyuma palikuwa na posho iliyopunguzwa. Watu walikuwa wanagoma. Walidai kipimo chao hadharani, katikati ya kambi, mbele ya wenzao wote, kwa sababu hadharani ndiko kibaba kilikojazwa.

Baada ya Mpwapwa njia inaingia nchi kavu. Marenga Mkali, jina lenyewe lasema, maji makali: yaliyopatikana yalikuwa ya chumvichumvi, na msafara ulilazimika kukaza mwendo. Hapa posho ilitolewa kwa siku kadhaa mara moja, na hapa palikuwa na mtihani wa roho. Mtu mwenye njaa akipewa vibaba vinne vya siku nne anafanya nini? Wengi walikula viwili usiku uleule. Usiwacheke. Mimi nimeona bahasha ya siku tano ikiisha siku ya pili, na mwenye bahasha alikuwa na shahada.

Basi liliniteremsha Dodoma saa nane mchana. Huku ndiko Ugogo, na wenye misafara waliiogopa nchi hii kwa mambo mawili: ukame wake na hongo zake. Mtemi wa Kigogo alikuwa na maji, na maji katika nchi kame ni mali. Apitaye alipe. Hongo ilijadiliwa siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa, na wakati wote wa majadiliano wapagazi walikuwa wamekaa wanakula posho. Kila doti aliyoing'ang'ania mwenye msafara kwa mtemi iliponyoka kwa upande wa pili, kwa vibaba vya watu waliokaa bure. Posho na hongo zilipigana mieleka humu.

Neno hongo wakati huo halikuwa la aibu. Lilikuwa ushuru wa njia, uliojulikana, uliotolewa mchana. Baadaye njia ilikufa, watemi wakapoteza nguvu zao, na neno likabaki bila kazi. Likapata kazi nyingine ofisini, chini ya meza. Posho nayo ilihamia ofisini, ila yenyewe ilikaa juu ya meza.

Niliketi kwenye mgahawa ulio jirani na Bunge nikinywa chai ya rangi. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ni kama historia ilifanya makusudi kulipeleka Bunge kwenye nchi ambako maneno haya mawili yalikomaa. Mwaka 2011 posho ya kikao iligeuka gumzo la taifa. Katikati ya mwaka mbunge Zitto Kabwe alitangaza kuikataa, akisema kukaa kikaoni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara. Wakati huo ilikuwa shilingi 70,000 kwa siku. Kabla mwaka haujaisha magazeti yaliandika kwamba imepandishwa hadi 200,000. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana mjini humu, wajumbe walipangiwa 300,000 kwa siku, na moja ya hoja za mwanzo kabisa kupata joto ilikuwa kama kiasi hicho kinatosha.

Ule ubishi wa 2011 ulikuwa, kwa kweli, ubishi wa maana ya neno. Mpagazi angemwelewa Zitto mara moja: ujira ni ujira, posho ni posho, na posho ni ya aliyeko njiani. Angewaelewa na waliompinga, maana nao walisema wametoka majimboni, wanalala nyumba za kupanga, wanapokea wageni wenye shida kila asubuhi. Ambacho kingemtatiza ni kipimo. Kibaba kilipimwa kwa tumbo, na tumbo la mtu lina ukomo. Posho ya leo hupimwa kwa cheo, na cheo hakishibi. Mkurugenzi na dereva wake wakilala mji mmoja usiku mmoja, ugali wa mgahawa una bei moja, lakini karatasi huwapa viwango viwili. Kwa watumishi wengi kazi ni mshahara, maisha ni posho. Ndiyo maana vikao huzaa vikao.

Kutoka Dodoma nilipanda treni ya zamani. Ng'ambo ya Manyoni ilikuwa Mgunda Mkali, pori ambalo misafara ilikaza mikanda kulipita, na hata leo dirishani unaona kichaka kikavu kilichofungamana kwa saa nzima. Reli yenyewe ndiyo iliyoua posho ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914. Behewa moja lilibeba kazi ya mabega mamia, na behewa halidai kibaba.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, limebaki tembe ambamo mmisionari Livingstone alikaa tangu Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Wageni huja kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nawawazia wale wengine, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao. Bwana wao alipokufa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliamua kumbeba hadi pwani. Walipita hapa Kwihara, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Aliyewaposha alikuwa ndiye mzigo wao. Waligawana wenyewe kilichobaki, wakanunua chakula wenyewe, wakapima wenyewe, zaidi ya kilomita 1,500. Sijui safari nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwamba hesabu za msafara zilikuwa vichwani mwa wapagazi muda wote.

Miezi michache baada ya reli kufika Kigoma, vita ya kwanza ya dunia ikazuka, na ubebaji ukarudi kwa kishindo. Jeshi halipiti porini kwa behewa. Waingereza peke yao waliandikisha, wengi kwa nguvu, wapagazi wanaokaribia milioni moja, na waliokufa walikuwa karibu laki moja. Risasi ziliua wachache kati yao. Wengi waliuawa na maradhi, na moja ya sababu ilikuwa ndani ya posho: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka bila kuiva, ukaliwa na watu ambao kwao walizoea ndizi, mtama au mihogo. Kuhara kukawamaliza. Kambi yao Dar es Salaam imetuachia jina Kariakoo, na ya Nairobi imeacha Kariokor. Tunanunua mashati pale bila kujua tunasimama juu ya foleni ya posho.

Ni katika miaka hiyo ambapo neno lilishuka kutoka kwenye kipimo likaingia ndani ya chakula chenyewe. Kwenye mashamba ya walowezi wa Kenya kibarua aliahidiwa shilingi kadhaa pamoja na posho, na posho hiyo ilikuwa unga wa mahindi, siku zote unga wa mahindi, mpaka unga ukalichukua jina. Leo mtu wa Kenya hupeleka mahindi yake poshomili, na akisema anaenda posho, anakwenda kusaga. Uganda walikwenda hatua moja zaidi. Kule posho ni ugali wenyewe, uliokwisha kuiva, na mtu yeyote aliyepita shule ya bweni ataisikia harufu ukimtajia posho na maharage. Kongo, katika migodi ya shaba ya Katanga iliyokuwa chini ya Union Minière, posho ilikuwa chakula cha juma walichopimiwa mfanyakazi na jamaa yake: unga, maharage, samaki, mafuta. Neno moja limeondoka pwani likiwa kibaba, likageuka kinu Kenya, sahani Uganda, kapu la juma Katanga, na kwetu bahasha.

Sisi Watanzania pekee tulilitoa jikoni. Tukilitumia kwa chakula, tunazungumzia askari au mfungwa. Kwa wengine wote posho ni fedha, na fedha hiyo imezaa majina yake: posho ya kikao, posho ya safari, posho ya kujikimu, posho ya nyumba, posho ya mazingira magumu. Hiyo ya mwisho huwa nadhani wapagazi wa Marenga Mkali wangeiombea kipaumbele.

Nilifika Ujiji asubuhi ya siku ya tatu tangu Tabora, kwa sababu treni nayo ina tabia za misafara. Mnara wa Livingstone na Stanley upo, mwembe upo, mlinzi alinisimulia ya wawili hao kukutana 1871 kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasimulia mara elfu. Nikamshukuru nikashuka ufukweni.

Mtumbwi mkubwa wenye injini ulikuwa umeegeshwa, na vijana walikuwa wanatoa magunia ya dagaa na kuyapandisha hadi kwenye lori lililokuwa juu barabarani. Miguu ndani ya maji, gunia begani, kanga iliyokunjwa juu ya bega isichubuke. Jua lilipokuwa la utosi mwenye mzigo alikuja, akasimama kwenye kivuli cha lori, akawaita. Akatoa noti, akawapa mmoja mmoja, mbele ya wote, kila mtu sawa na mwenzake. Malipo ya magunia yangehesabiwa jioni. Wakaenda kwa mama aliyekuwa na sufuria pembeni, wakarudi na sahani za wali.

Nilimsogelea mmoja aliyekaa juu ya gunia tupu.

"Kaka, hiyo aliyowapa sasa hivi ndiyo posho?"

Aliniangalia kiatu, halafu begi, halafu uso.

"Posho si inakuwaga kwenye vikao, bosi," akasema huku akikusanya punje za mwisho kwa vidole. "Hii hela ya kula tu."

Akanawa, akainama, mwenzake akamtwika gunia, akapanda nalo kuelekea barabarani.